Akeyo na Wagonjwa wa Redio

Nakumbuka ulikuwa mwaka wa ugali wa njano. Mvua ilikataa, shamba likawa gumu kama sakafu, tukaletewa mahindi ya njano ambayo babu yangu alisema ni chakula cha kuku. Tulikula. Kwa omena, yaani dagaa wa ziwa, kwa mboga chungu, siku nyingine kwa chumvi. Wa rika langu wanajua. Nyinyi wa chipsi nyamazeni kidogo.

Mwaka huo baba, aliyekuwa akichuma majani chai Kericho, alituletea redio nyumbani, kando ya ziwa upande wa Homa Bay. Ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia, na mama aliishonea nguo nyeupe isiingie vumbi. Mawe yake, yaani betri, yakichoka tuliyaanika juani kama mihogo, na jioni yalikubali kuongea tena kidogo. Haikufunguliwa ovyo. Ilingoja mchezo wa kuigiza, tukishakula na kuosha vyombo.

Shida ilikuwa moja. Mchezo ulikuwa wa Kiswahili, na pale kwetu mwenye Kiswahili alikuwa dada yangu Akeyo peke yake, maana alikulia kwa baba kule kwenye chai. Basi wamama walikuja na viti vyao, watoto mgongoni, na Akeyo akatugeuzia kila neno kwa Dholuo. Mzee wa redio akikohoa, Akeyo naye anakohoa. Mke mwenza akitukana, Akeyo anashika kiuno.

Mama alijibizana na redio. "Wewe mwanamume, hiyo pombe itakuua! Mwambie, Akeyo!"

"Mama, hanisikii."

"Basi paza sauti!"

Mimi nilifika darasa la tatu tu, lakini kichwa changu si boga. Kiswahili kilianza kuniingia. Jioni moja nikasikia redio ikisema wazi kabisa bibi mmoja mgonjwa wa mchezoni amekufa, watu wanalia. Akeyo akawaambia wamama, "Wanalia kwa furaha. Amepona." Vigelegele! Tulipotoka nje nikamwambia yeye ni mwongo. Akanishika sikio.

"Mama amezika watoto wangapi? Wanne. Na jirani wawili. Watoke kwao na maiti, waje hapa niwape maiti nyingine? Funga mdomo."

Nikafunga. Wiki iliyofuata alilazimika kumsafirisha yule bibi mpaka Uganda, kwa sababu sauti yake haikusikika tena.

Mahindi ya njano hayajaisha vizuri, Akeyo akaolewa mbali, kule Suna. Mavuno mawili baadaye habari ikaja: alikuwa anajifungua, damu ikakataa kusimama. Tulimzika huko kwa mume wake, kama desturi, mtoto kando yake. Mama hakulia. Watu wakasema ana moyo wa jiwe. Redio ikakaa kimya ndani ya nguo yake.

Leo wajukuu wangu kila mmoja ana waya zake masikioni. Huyu anacheka, yule anafuta machozi, na mimi nyanya yao nikiuliza kuna nini naambiwa, "Hakuna kitu, dani." Wana Kiswahili, wana Kizungu, wana hicho Sheng chao cha kuvunja meno, na hakuna hata mmoja wa kunigeukia aniambie mgonjwa amepona. Sisi watu ishirini tulikuwa na sikio moja, na sikio hilo tukalifukia Suna.

Kuna jioni moja, baada ya mazishi yale, ambayo sijawahi kuimeza. Mama aliita wamama, akaivua redio nguo, akaifungua. Akanitazama. "Nyathina, mwanangu, wewe nawe umesoma. Tuambie."

Nikakaa mahali pa Akeyo. Mchezoni kulikuwa na msichana, akaugua, akafa. Nilikuwa mtoto, na ukweli nilifundishwa kuusema kwa kiboko. Nikasema, "Amekufa."

Mama hakuinua macho. "Huyo msichana hajafa. Sema tena."

Niliyatafuta maneno ya Akeyo kinywani mwangu, nikayakosa. Nikarudia kwamba amekufa. Wamama wakaanza kunyanyua viti vyao, mmoja mmoja, bila kuaga. Mama hakunikasirikia. Aliikumbatia ile redio kifuani, kama unavyombeba mtoto mwenye homa, akaniambia polepole:

"Huyo msichana hajafa. Sema tena."