Kigoda cha Baba Mkwe Nimekikuta Bomani

Bwana asifiwe, akina mama wenzangu wa kikundi. Mmeshindaje? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umekaa vibaya.

Leo tumeenda na wenzetu wa kanisani Tarime mjini, kuliona lile boma la mkoloni lililogeuzwa makumbusho.

Chumba cha pili nikasimama ghafla.

Kigoda cha marehemu baba mkwe! Mguu mmoja una waya, niliufunga kwa mikono yangu.

Sasa sikieni. Mume wangu aliniambia kigoda kimeliwa na mchwa. Nikampa pole, nikamwombea! Na ni Chacha, mtoto wetu wa kwanza, aliyetakiwa kukirithi.

Nikamuuliza anayetembeza wageni, "Dada, hiki mmekitoa wapi?"

"Kimeletwa na familia, mama."

"Familia ipi?"

Akafungua daftari. Jina la mume wangu, na sahihi yake ile yenye mkia.

Mama mchungaji akaninong'oneza, "Kumbe mchwa wa kwenu wamesoma!"

Nikacheka huku machozi yananilenga. Baba mkwe alifungwa humohumo bomani ujana wake, akaapa hatapakanyaga tena. Leo kigoda chake kimekaa humo.

Alikipeleka kwa heshima, au kuna kitu alipewa? Mbona anifiche?

Nimerudi nyumbani Susuni, nimemwandalia mume wangu ugali. Ananiuliza, "Huko bomani mmeona nini?"

Huyu hajawahi kuniuliza safari ya kanisa hata siku moja!

Nimemjibu, "Vitu vya zamani tu." Ameacha kutafuna.

Nimuulize sasa hivi, au niombe kwanza? Nijibuni upesi, matonge yamebaki machache.