Makaa ya Magunzi

Siku niliyochekwa na akina mama pale Migwani naikumbuka vizuri, mwanangu, wala sioni haya kukusimulia.

Nilikuwa nimeolewa juzi tu. Kiangazi kilikuwa kikali, na kuni zilikuwa mbali, nusu siku kwenda na kurudi. Nikakataa. Nikachoma magunzi ya mahindi shimoni, nikayafunika udongo yasigeuke majivu, nikayaponda. Vumbi lile jeusi nikalikanda kwa uji wa muhogo ili lishikane, nikafinyanga madonge. Kosa langu? Muhogo ule ulikuwa akiba ya mama mkwe, wa kutulisha mpaka mvua. Niliuchukua bila kuomba.

Na haraka haraka haina baraka. Madonge yalikuwa bado mabichi nilipoyapeleka kwa mwethya, kikundi chetu cha kuchimbiana matuta kwa zamu, niwapikie muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa. Yalitoa moshi tu. Saa nane watu wana njaa, mahindi bado mawe. Mwenyekiti wetu akapiga kelele, "Huyu anapatia moto uji! Na watoto wetu wakule nini?" Wakacheka wote. Nililia, sikufichi.

Mama mkwe hakucheka. "Muhogo yangu uliiba," akasema, "hiyo utalipa na jembe. Lakini nani alikuambia hii kazi yako ni mbaya? Maganda ya muhogo tunamwaga kila siku. Leta hizo."

Tukayaponda maganda, tukayaloweka, tukachuja. Kesho yake unga mweupe ulikuwa umetulia chini ya maji. Huo ndio tuliopikia uji wa kukandia. Madonge tukayaanika wiki nzima. Nami nikalima shamba lake peke yangu. Kupotea njia ndiko kujua njia.

Kisha nikarudi kwa mwethya na karai langu la madonge makavu. Mwenyekiti alikuwa tayari na mzigo wa kuni. Nikamwambia, "Mama, hizo kuni weka kando. Hii muthokoi ikikataa kuiva, mimi nitalala njaa." Wakaguna. Sikubanduka pale jikoni hata kidogo. Muthokoi ukaiva ukalainika, na mwenyekiti akarudi kuongezewa sahani.

Mwanangu, ukikosa, ungama na ulipe. Lakini omba msamaha kwa kosa lako, usiuombe kwa akili yako. Wakicheka, waache wacheke, wewe rudi palepale walipokuchekea. Mungu akupe mikono isiyochoka, na shingo ngumu panapostahili.