Moto Chini ya Lenta

Nyumba yangu ya Pugu ina baraza pana lisilo na nguzo katikati. Wageni hawalioni jambo hilo. Wanakaa, wanakunywa chai, wanaaga, wanakwenda. Mie nalijua, kwa sababu nusura nilivunje kwa mikono yangu kabla halijawa baraza.

Kwanza niseme kwa nini nililitaka. Mume wangu alipofariki tulikuwa wapangaji Mwananyamala, chumba kimoja katika nyumba ya vyumba vinane. Watu walipokuja msibani hawakuwa na pa kukaa. Wanawake walijibana kwenye ukumbi, miguu yao imekunjwa ili wapangaji wengine wapite na ndoo zao. Wanaume walikaa barabarani kwenye viti vya kukodi, na gari likija wanasimama wote, kila mtu na kiti chake, wanajibandika ukutani, likishapita wanarudi. Mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri akanyamaza kumpisha mtu wa bodaboda aliyebeba mtungi wa gesi. Siku ile sikulia sana. Nilikuwa natazama viti vinavyonyanyuka na kushuka. Nikasema moyoni, Mungu akinipa nyumba, itakuwa na baraza watu wakae kivulini, iwe msiba iwe harusi, wasimpishe mtu.

Kiwanja tulikuwa nacho. Mume wangu alikinunua Pugu wakati huko bado ni mikorosho na nyoka, akajenga msingi, kisha maradhi yakamkamata. Msingi ule ulikaa miaka. Majani yaliota ndani yake, mbuzi wa watu wakazalia humo. Mama mmoja akaniuliza kama ni makaburi ya familia. Nikamwambia hapana, ni nyumba, bado haijaamka.

Nilijenga kama wanavyojenga wengi wa huku. Ukipata tofali unapanga tofali. Ukipata nondo unazifunika majani zisipate kutu. Ukikosa unakaa, unaendelea kuuza uji na maandazi, boma linakungoja. Watu wa maofisini wanashangaa mitaa yetu imejaa kuta zisizo na mabati. Hakuna cha kushangaa pale. Kila ukuta una mtu wake anayeuwaza akiwa jikoni.

Ila ujenzi wa hivyo una mitego yake, na wa kwanza ulioninasa ulikuwa ni saruji. Niliinunua mapema, kabla sijampata fundi, kwa sababu saruji huwezi kuila ukizidiwa. Nikaipanga chini ya kitanda, Mwananyamala. Masika yakaja, sakafu ikatoa jasho. Nilipokuja kuitoa, mingine ilikuwa bado nzima, lakini mfuko mmoja uliolala chini kabisa ulikuwa jiwe. Haukupasuka hata kwa shoka. Nikaubeba hivyo hivyo mpaka Pugu, nikaufanya kiti changu pale bomani. Kila nilipoukalia nilijiambia, mwanamke, jifunze. Saruji na maji havipatani.

Na mie nimezaliwa katika tembe, huko bara. Nyumba ya udongo, juu udongo, pembeni udongo. Mama yetu akishakandika ukuta mpya anawasha moto mdogo ndani, unafuka kutwa, siku baada ya siku, mpaka ukuta uwe mkavu. Maji kwenye ukuta ni ugonjwa. Shule nilifika darasa la tatu tu, lakini hilo la ukuta nilikuwa nalijua kabla ya kujua kuandika jina langu.

Fundi nilimpata kupitia kanisani. Mtu mzima mwenye familia, mikono mizuri, mdomo mwingi. Ukuta wake ukiuwekea pimamaji hauna la kusema. Tulipofika juu ya milango na madirisha, pale panapomwagwa zege la lenta, mkanda wa kubeba ukuta wa juu, kuzunguka nyumba nzima, alinishauri baraza liwe na nguzo katikati. Alisema nafasi ni ndefu, nguzo moja tu na nitalala usingizi. Nikakataa. Nikamweleza habari ya viti vya barabarani. Hakucheka. Akapima tena kwa futi yake, akasema basi niongeze nondo, na ziwe nene. Nikaongeza.

Siku ya kumwaga zege nilipika wali na maharage kwa sufuria la kanisa. Walikuja wanaume wanane na makarai, wakapanga mstari, zege likapanda kwa mkono kutoka chini mpaka juu bila kupumzika, maana lenta haitaki kukatishwa. Jioni lenta ilikuwa imetulia ndani ya mbao zake, na chini yake miti ya mirunda imesimama kuishikilia, mingi kama miguu ya jongoo. Fundi alipokuwa anaosha mikono akaniambia waziwazi kwamba nimwagilie maji asubuhi na jioni, tena mengi. Nikaitikia ndiyo.

Sikumwagilia.

Nilimwona ni mtu wa mjini asiyejua mambo. Nilitazama lile jiwe langu, nikamkumbuka mama yangu na moto wake. Kesho yake nikaazima mabati chakavu kwa jirani, nikapanda ngazi, nikaifunika lenta ya baraza isinyeshewe hata tone. Kisha nikakusanya makumbi ya nazi, nikayawasha mafungu matatu chini yake, yafuke bila kutoa ulimi wa moto. Nikakaa pembeni nikichagua mchele, nimeridhika kabisa. Fundi akapiga simu kuuliza kama namwagilia. Nikasema namwagilia. Umri ule, na uongo mdomoni.

Siku ya nne akaja. Alikuwa amepata kazi nyingine Kunduchi, mwenye nyumba anamharakisha, na mirunda aliyokuwa nayo ni hiyo hiyo ya kwangu. Hapo ndipo penye shida ya mafundi wetu. Anakuwa na ngazi moja, seti moja ya mirunda, na wateja watatu, kila mmoja ameamka na pesa ya wiki hii tu. Kwa hiyo alikuja kuing'oa. Alisikia harufu ya moshi tangu njiani, akaingia, akasimama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

Akatazama makumbi. Akatazama juu. "Bibi, hii ni lenta au ni mahindi ya kuchoma?"

Nikamwambia naikausha, na yeye asinibadilishie maneno, kwa sababu nimesikia amekuja kung'oa mirunda siku ya nne, kama mtu anayemtoa mzazi kitandani akalime. Nikamwambia hakuna mrunda utakaotoka hapo. Nilikuwa mkali. Nilisema mengi, mengine hayakuhusu ujenzi.

Fundi alipanda ngazi, akavuta bati moja, akainama akatazama. Akaniita nipande. Nikapanda ngazi tatu, macho yakafika juu ya zege. Lilikuwa limekauka jeupe kama ulimi wa mgonjwa, na juu yake nyufa nyembamba, nyembamba kama unywele, zimetambaa.

"Hukumwagilia," akasema.

"Sikumwagilia."

"Na kwenye simu?"

"Nilidanganya."

Tukashuka. Nilitegemea atanisuta, maana alikuwa na haki. Akapiga teke makumbi mpaka yakazima, akaketi chini, akaonyesha mfuko wangu wa saruji niliokuwa nimeukalia.

"Huo ulikuwa unga, bibi. Nini kiliufanya jiwe?"

"Maji."

"Na juu pale tunataka unga au jiwe?"

Kwa miaka yote nilikuwa nakalia jibu, nikilichukia. Akanieleza, sasa kwa upole, kwamba saruji haikauki kama udongo. Inakunywa maji, na kadiri inavyokunywa ndivyo inavyokomaa. Ukiinyima mapema inabaki na sura ya jiwe lakini ndani ni uji uliokauka. Nikamuuliza kama lenta imekufa. Akasema hajui. Nyufa zile ni za ngozi, pengine hazikuingia ndani, siku nne si nyingi. Ikipewa maji sasa inaweza kuamka. Isipoamka, ataweka nguzo, na nguzo ikiwekwa nisimlaumu mtu.

Nikasema, "Na mirunda?"

Akajikuna kichwa. Alikiri na yeye alikuwa ameharakisha, kwamba nafasi ndefu kama ile haiachwi siku ya nne, anajua, lakini jamaa wa Kunduchi kila saa yupo kwenye simu. Tukakubaliana pale pale. Madirishani na milangoni ni nafasi fupi, mirunda ya huko ataichukua wiki ijayo. Ya baraza itabaki mpaka aniambie mwenyewe. Na mie nitamwagilia, na akipiga simu nitasema kweli.

Basi nikahamia bomani. Nililala chumba cha nyuma juu ya mkeka, mabati yale yale chakavu yakiwa dari yangu. Maji niliteka kwenye kisima cha jirani, madumu mawili mawili. Nilitandika magunia juu ya lenta, nikayalowesha asubuhi, nikayalowesha mchana ambao hakuniagiza, nikayalowesha jioni. Jirani mwenye kisima alikuwa akinipita kwenda sokoni.

"Mama, bustani yako ya mawe imeota?" anauliza.

"Imeota. Karibu mchicha."

Siku moja mvua za vuli zikapiga tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Nilisimama katikati ya boma langu lisilo na paa, nimejifunika nailoni, natazama maji yakitiririka juu ya lenta, na nilifurahi. Mama yangu angeniona angedhani nimerukwa na akili. Mtoto wa tembe anashangilia mvua ndani ya nyumba.

Mirunda ya baraza ilikaa siku ishirini na tisa. Jamaa wa Kunduchi nasikia alitukana sana, kisha akaenda kuazima kwingine, nyumba yake ikasimama vilevile.

Siku ya kuitoa, fundi alikuja na nyundo na uzi. Akaufunga uzi kutoka mwisho mmoja wa lenta hadi wa pili, akauvuta ukanyooka, ili aone kama lenta italala, yaani itapinda kushuka, ikiachwa peke yake. Akaniambia nikae mbali. Mie nikauvuta mfuko wangu wa jiwe, na ni mzito ule, nikauburuta mpaka katikati ya baraza, nikaukalia.

"Bibi, toka hapo."

"Gonga."

"Bibi, ikishuka itakuua."

"Niliyeichoma ni mie. Kama ina hasira, inijue. Gonga."

Alikataa kugonga. Tulibishana, akaapa ataondoka na nyundo yake. Mwisho nikasogea mpaka mlangoni, ila sikuingia ndani. Akaanza kuondoa mirunda ya katikati, akielekea pembeni, mmoja mmoja, akigonga kidogo na kusikiliza. Mbao zikashuka. Pale ambapo mbao hazikukutana vizuri, moshi wa makumbi yangu ulikuwa umeacha mistari myeusi kwenye zege, kama wanja. Akautoa mrunda wa mwisho. Hakuna kilicholia. Akasogea kwenye uzi, akaweka jicho, akakaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Haijalala," akasema.

Nikamwambia basi aje anywe chai.

Leo nyumba imeezekwa, plasta imeifunika mistari ya moshi. Ufa mmoja mdogo umebaki upande wa kushoto, juu ya pale nilipowasha fungu la kwanza. Fundi ameuziba mara mbili na unarudi, mwembamba vilevile, wala haukui. Anasema hauna madhara. Nikifagia asubuhi nautazama, nauambia nimekuona, naendelea kufagia.

Mwaka huu jirani yangu mwenye kisima alifiwa na mama yake. Kwake ni padogo, akaniomba baraza. Watu walijaa kutoka ukuta mpaka ukuta, nikakosa viti, mzee mmoja akakaa kwenye jiwe langu la saruji bila kuuliza ni nini. Mvua ikaanza saa nane. Hakuna aliyenyanyuka. Mchungaji alihubiri mpaka mwisho bila kumpisha mtu wala chombo, na kusema kweli alihubiri kupita kiasi, lakini sikumkatisha.