Goti la Kushoto

Karatasi iliyokusudiwa kummaliza Nukta niliichapa mimi. Nalisema hilo mapema ili mtu asije akanidhania shujaa katika habari hii. Nilikuwa karani wa kikosi. Nikaambiwa nichape, nikachapa.

Nukta halikuwa jina lake. Aliitwa hivyo kwa sababu ya kimo. Siku ya kwanza alipotokeza kwenye gereji ya polisi, ovaroli limekunjwa miguuni mara tatu, mafundi waliangua kicheko. Kikosi chetu kilikuwa na maroboti matatu, kila moja refu kama nyumba ya ghorofa mbili, lina mikono, lina miguu, na chumba cha rubani kiko kifuani. Yalifanya kazi zinazowashinda askari wa miguu: kunyanyua lori lililopinduka, kuegemeza ukuta unaotaka kuanguka, kulizuia greda la wizi lisibomoe nyumba za watu. Na binti huyu wa miaka ishirini na miwili, aliyekuwa akiendesha foklifti kwenye ghala la mbolea, alikuwa amewabwaga wanaume kumi na wanane kwenye mtihani wa urubani.

"Rubani gani huyu asiyeruka?" fundi mmoja akamtania.

"Yule anayekutazama kutoka juu," akajibu, naye tayari yuko ngazi ya sita.

Miguu yake haikufika kwenye pedali. Hakumlilia mtu. Alitafuta vipande viwili vya mbao, akavifunga juu ya pedali kwa mpira wa tairi la baiskeli, na mchana ule ule akalizungusha roboti namba mbili uwanja mzima bila kugusa hata pipa. Kicheko kikaisha chenyewe.

Aliyemzoea upesi kuliko wote alikuwa sajini mmoja mtu mzima tuliyemwita Bendera. Rubani akiwa juu kule haoni vizuri anapokanyaga, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kutangulia na bendera nyekundu, kufukuza watu njiani na kumwelekeza kwa redio. Kwa miaka miwili nilizisikia sauti zao kwenye redio ya ofisini. "Mguu wa kulia, mwanangu, kuna mfereji!" "Nimeuona, baba." Baba na mwana hawakuwa, lakini ungesikia ungeapa.

Mwaka wa pili goti la kushoto la namba mbili likaanza vituko. Likikunjwa huku roboti lina mzigo mzito mikononi, lilikuwa linakwama katikati, kisha linaachia kwa mpigo. Nukta akaandika kwenye kitabu cha hitilafu. Siku nane baadaye akaandika tena. Mara ya tatu akaandika kwa herufi kubwa. Kitabu nilikuwa nakipeleka mimi kwa mkuu wa kikosi, naye pembeni aliandika maneno yale yale: litumike hivyo hivyo kwa sasa.

Asubuhi moja jengo lililokuwa likijengwa karibu na soko likaporomoka upande. Vibarua wawili walinaswa chini ya bamba la zege. Nukta akalinyanyua bamba taratibu kabisa, zimamoto wakaingia, wakawavuta vibarua wote wawili wakiwa hai. Watu walipiga makofi. Kilichobaki kilikuwa kulirudisha bamba chini. Akalipigisha roboti goti. Goti likakwama, kisha likaachia. Bamba likaponyoka, likamkuta Bendera akiwa bado anawasogeza watu, likamvunja mguu mara mbili.

Nukta alishuka ngazi, akakaa naye kwenye vumbi mpaka gari la wagonjwa likafika.

Siku ya tatu mkuu akaniita. Alinisomea, nikachapa: kwamba mimi rubani nakiri nilikuwa nikiongea na simu, nikashindwa kulimudu roboti. Kisha akamwita Nukta.

"Soma, halafu tia saini hapo chini. Utapewa meza ofisini na cheo kitapanda. Yaishe."

Nukta alisoma amesimama. Alisoma hadi mwisho, akarudi juu, akasoma tena.

"Afande, hii si habari yangu."

"Hiyo ni lugha ya ofisi tu."

"Simu yangu ilikuwa kabatini. Ufunguo anao karani." Akanigeukia. Mimi nikatazama vidole vyangu.

"Binti, unajua unaongea na nani?"

"Najua, afande. Ndiyo maana naongea polepole."

Mkuu alibadilika rangi. "Usipotia saini, kesho unashika geti."

"Geti naanza saa ngapi, afande?"

Basi akawekwa getini. Rubani wa roboti, kazi yake sasa ni kupandisha na kushusha lile bomba la chuma linalozuia magari. Alilifanya hilo kwa ukamilifu uliowachosha watu. Kanuni zilisema kila anayeingia aonyeshe kitambulisho, na kila asubuhi gari la mkuu lilisimama pale bomba likiwa chini.

"Kitambulisho, afande."

"Hunijui mimi?"

"Nakujua sana. Kitambulisho."

Alikuwa anakitoa, afanyeje?

Tulikaa nyumba za polisi, chumba changu na cha Nukta vikigawana ukuta mmoja. Mtu akipiga chafya kule, huku unasema afya. Mama yake alikuwa dobi wa hospitali, mikono imekauka kwa sabuni, na hofu yake ilikuwa nyumba. Jioni moja nikamsikia anasema, "Mwanangu, tia tu saini. Wakubwa hawashindwi. Watatutoa humu, twende wapi?"

"Mama, jina langu ulinipa wewe. Unataka nilibandike chini ya uongo?"

"Nataka ule."

"Nitakula. Foklifti sijaisahau."

Kisha nikasikia sufuria zikigongana kwa hasira, na mama akasema, "Kichwa chako hicho ni cha baba yako," lakini sauti yake ilikuwa imelegea.

Jumamosi aliniomba nimsindikize kwenda kumwona Bendera wodini. Nilikwenda, roho ilikuwa inanisuta. Bendera alipotuona akageukia ukutani.

"Nimeambiwa ulikuwa kwenye simu," akasema.

"Nani kakwambia, baba?"

"Mkuu. Alikuja na matunda."

Nukta akavuta kiti, akakaa. "Neno lako la mwisho kwangu lilikuwa, 'Taratibu, mwanangu, bado kidogo.' Nilikujibu, 'Nimekupata.' Mtu aliye kwenye simu angekujibu vipi?"

Mguu wa mzee ulikuwa umeninginizwa na kamba, vidole vimevimba. Hatimaye akageuka.

"Nilisema hivyo," akasema. "Ni kweli nilisema." Akamshika mkono. "Usiwatilie saini kitu. Hata wakikupa huo mji mzima."

Kwa kuwa saini haikupatikana, makao makuu yakalazimika kuunda kamati ya uchunguzi. Walikuja watu watatu, mwenyekiti wao mama mmoja mhandisi mstaafu, mwenye miwani minene na tabia ya kutokatiza mtu. Waliketi kwenye ukumbi wetu. Kitabu cha hitilafu kikaletwa. Kurasa tatu hazikuwepo.

"Karani," mama akauliza, "kurasa hizi zilikwenda wapi?"

Nilikuwa nimemwona mkuu akizichana kwa rula, taratibu, ili zisiache vipande kitabuni. "Sijui, mheshimiwa," nikasema. Fundi mkuu, aliyebakiza miezi miwili astaafu, naye akasema hakumbuki. Nukta hakututazama. Aliinuka.

"Mheshimiwa, kurasa zimechanwa, sawa. Goti halijachanwa. Liko gerejini. Nipeni roboti."

Mkuu akacheka, akasema hatukuja kwenye maonyesho. Mama mhandisi akavua miwani. "Mpeni."

Tukatoka uwanjani sote. Nukta akapanda zile ngazi kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano, akafunga mlango. Roboti likapiga goti la kushoto. Likainuka. Likapiga tena. Mara kumi, laini kama linaswali. Mkuu alimgeukia mama yule kwa tabasamu pana.

Redio ikakoroma. "Hizo ni za mikono mitupu," sauti ya Nukta ikasema. "Sasa nipeni mzigo. Lile kontena la mchanga pale."

"Hapana!" mkuu akaruka. "Hiyo ni hatari!"

"Hatari kwa nini," mama akauliza kwa upole, "kama goti ni zima?"

Mkuu akawa wa kwanza kurudi nyuma.

Tukarudishwa nyuma ya mstari mweupe. Nukta akalibeba kontena, akaligeuza roboti lielekee upande usio na mtu. Mara ya kwanza goti likashuka vizuri. Ya pili vizuri. Ya tatu likatoa mlio kidogo. Ya nne likakwama katikati, roboti zima likibaki limeinama kama mtu aliyeshikwa kiuno. Tukahesabu pumzi zetu. Kisha likaachia. Kontena likadunda, ardhi ikatikisika, vumbi likafunika gereji yote.

Vumbi halijatulia, redio ikakoroma tena. "Hitilafu hiyo niliiandika tarehe tatu, tarehe kumi na moja, na tarehe ishirini. Nirudie?"

"Inatosha," mama akasema. "Shuka, binti yangu."

Hapo ndipo ulimi wangu ulipofunguka. Nikamsogelea mwenyekiti, nikamwambia nilichokiona, rula na kurasa, na kwamba ile karatasi ya kukiri niliichapa mimi. Fundi mkuu aliponisikia naye akasema sasa amekumbuka. Jioni nilimsubiri Nukta getini nimwombe radhi.

"Umechelewa," akasema.

"Najua."

"Basi, mradi unajua." Akapandisha bomba nipite. Zaidi ya hapo hakunipa, wala sikustahili.

Ripoti ikatoka: hitilafu ya mtambo, si kosa la rubani. Mkuu akahamishiwa kwenye ofisi nyingine, na nasikia kiti chake cha huko kinazunguka. Hakuna aliyemwomba Nukta msamaha kwa niaba ya kikosi. Bendera aliandikwa rasmi kuwa aliumia kazini, akaanza kutembea kwa fimbo, akirudi kututembelea na kutukosoa tunavyofagia uwanja.

Mkuu mpya alimwita Nukta akamwambia arudi kwenye roboti siku ya pili yake.

"Goti jipya limefika, afande?"

"Limeagizwa."

"Nitakuwa getini likifika."

"Hii ni amri."

"Nimeisikia, afande. Niandikie basi kwamba unaniamuru kuliendesha goti bovu. Nitasubiri hapa uandike."

Mkuu mpya hakuandika. Nukta akakaa getini wiki saba nyingine, safari hii kwa kupenda kwake, mpaka sanduku likafika. Alikuwepo likifunguliwa, akawasimamia mafundi hadi nati ya mwisho.

Kazi yake ya kwanza baada ya hapo ilikuwa lori la maji lililoning'inia ukingoni mwa daraja, dereva bado yumo ndani. Mtu wa bendera alikuwa mgeni, anapunga kama anafukuza nzi, na alikuwa amejiweka chini kabisa ya mkono wa roboti. Mkuu mpya alikuwa akifoka kwenye redio: haraka, haraka, unasubiri nini?

"Nasubiri huyu bwana atoke chini ya mkono wangu," Nukta akajibu.

"Nimesema vuta!"

"Sisogei, afande."

Nilikuwa ofisini, sikio kwenye redio. Nikamsikia akimwelekeza yule mgeni, bila kufoka, arudi hatua nane, asimame kwenye ukingo wa barabara mahali Nukta anapoweza kumwona. Dereva wa lori alikuwa akipiga kelele za kuomba dua. Nukta alimwambia avumilie kidogo, hamwachi. Yule mgeni alipofika ukingoni, goti likashuka laini, bila kukwama.