Marehemu Hawalipi Kodi

Baba yangu angekupa shati lililo mwilini mwake, lakini sahihi yake usingeipata. Tulipohamia London kutoka Mombasa tulisota kwenye foleni za uhamiaji kule Croydon, mpaka akaapa kwamba kila karatasi yenye nembo ya serikali ina mtego ndani yake. Nyumbani kwetu Southall tulizungumza Kikachi, lugha ya wazee wetu wa Kihindi, wakati wa kula na Kiswahili wakati wa kugombana, na kuhusu karatasi tuligombana sana.

Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya wahasibu. Jumamosi nilifundisha uraia katika ukumbi mdogo wa kukodi. Vijana wetu walikuwa na pasipoti za Uingereza na wakifika umri wangepiga kura, lakini hawakujua diwani ni nani wala anafanya kazi gani. Nililipenda darasa lile kuliko kazi iliyonilisha, nasema wazi. Halmashauri ilipotukatia ruzuku, mwenye ukumbi akasema atatuvumilia mpaka mwisho wa baridi, basi.

Mhasibu mmoja kazini akanionyesha njia. Mlipa kodi akiahidi kwa maandishi kulichangia darasa kila mwaka, basi kodi aliyokwisha kukatwa kwenye fedha zile hurudishwa, ikaingia darasani. Halazimishwi mtu. Wazee wetu waliposikia kwamba kuna pesa inatoka kwa serikali badala ya kwenda kwake, walifurahi kama watoto. Baada ya sala ya Ijumaa nikagawa fomu, na karibu wote wakajaza. Hata Baba alijaza, jambo ambalo lingepaswa kunishtua.

Fomu zilirudi zote kutoka ofisi ya kodi. Barua iliyoambatana nazo ilikuwa na adabu za Kiingereza hasa: walisikitika kwamba wachangiaji hawa hawajulikani kwao. Nikakaa kitako kuzisoma, na majina yakaanza kunijia moja moja. Huyu ni bibi yangu mzaa baba, aliyezikwa Mombasa sijaanza hata shule. Huyu ni baba wa muuza vitambaa. Huyu ni mama wa fundi saa. Wote walikuwa marehemu! Kwetu sisi mtu hatoi sadaka kwa jina lake mwenyewe, ataambiwa anajionyesha. Humtolea mzazi wake aliyetangulia, thawabu zimfikie huko aliko. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kisha nikalia kwelikweli, maana baridi ilikuwa imeanza kupungua na sikuwa na kodi ya ukumbi.

Nikampelekea Baba fomu yake. Alikuwa jikoni anamenya chungwa.

"Baba, hawa wote ni marehemu. Marehemu hawalipi kodi."

"Ndiyo raha yao," akasema.

"Basi andika jina lako. Wewe ndiye mweka hazina wa msikiti. Ukiandika wewe, wenzio wote watafuata."

Akaweka kisu mezani. "Mwanangu, kule nyumbani nilichangia shule. Jina langu likasomwa kwa kipaza sauti, watu wakapiga makofi. Haukupita muda nikanyimwa leseni ya duka. Karani akanambia, wewe si raia, funga uende zako. Na jina langu walikuwa nalo. Lilinifaa nini?"

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia angalau aje alione darasa kabla halijafa.

Jumamosi akaja, amevaa suti na kofia yake ya viua, akakaa nyuma kabisa. Nilifundisha vibaya. Karibu na mwisho akainua mkono, baba yangu mzima, kama mwanafunzi.

"Mtu akiambiwa funga duka uondoke," akauliza kwa Kiswahili, "aende kwa nani?"

Nilifungua mdomo, lakini binti wa fundi saa akaniwahi. Alikuwa na miaka kumi na tano na hakuwahi kusita kusema lolote. "Anaenda kwa diwani, anko. Diwani akikataa, anaenda kwa mbunge. Mbunge naye akikataa, next time hatumpi kura. Simple!"

Wenzake wakacheka. Baba hakucheka.

"Mimi nilikwenda nyumbani," akasema taratibu, "nikafunga masanduku."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Yule binti akainamisha kichwa, na mimi nikajishughulisha na chaki. Baba akaja mbele, akaomba fomu mpya na kalamu. Akaandika jina lake mwenyewe, kamili, herufi kubwa kubwa, kisha akatia sahihi. Nilijua Ijumaa ijayo wengine watamfuata, na kweli walimfuata.

"Na Bibi?" nikamwuliza tulipokuwa tunafunga mlango. "Thawabu zake?"

"Mwache mama yangu apumzike," akasema. "Yeye hakuna aliyemwambia aondoke."