Jina la Watiri

Watiri aliugua akili mara moja tu, kabla ya Uhuru, wakati watoto wake walipokuwa wachanga. Alipelekwa hospitali Nairobi, akatibiwa, akarudi Othaya akiwa mzima kabisa. Shamba langu la kahawa limepakana na lake, na nasema wazi kwamba kwa kuchuma alitushinda sote. Sisi tulishasahau ugonjwa ule. Yeye ndiye aliyekuwa akitukumbusha. Tukimchagua mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, anakataa: "Mimi ni mtu wa kichwa, tafuteni mwingine." Ilinikera sana!

Mwaka ule kahawa ilipopanda bei, bintiye Murugi, aliyeishi karibu naye, alijifungua msichana wa pili. Kwetu msichana wa pili huchukua jina la mama wa mama yake, wala si jambo la kujadiliwa. Tunasema nyanya amezaliwa tena, na hakuna heshima inayopita hiyo. Tulipopeleka uji kumwona mtoto, Watiri alisimama mlangoni, hakuingia.

"Murugi, usimpe hiyo jina yangu," alisema. "Hiyo jina iko na ugonjwa. Mpe ya dada yangu."

"Mama, wewe ulipona kitambo," Murugi alijibu. "Huyu ni Watiri. Nimemaliza."

Nilifurahi, nikadhani mambo yameisha.

Basi ikawa kila mtoto akilia, nyanya yake anashika kichwa. Awe analilia njaa, meno au siafu aliyemuuma, maneno ni yale yale: "Ati si niliwaambia? Imeanza." Mtoto akicheka peke yake na mwanasesere wake wa gunzi, Watiri anaenda kulia nyuma ya jikoni. Murugi alimsihi, pasta alimsihi, nami nilimgombeza mpaka sauti ikanikauka. Hakusikia la mtu. Alimpenda yule mtoto kupita kiasi, na hofu yake ilitoka hapo hapo.

Sasa mtoto yuko darasa la kwanza. Juzi aliteleza kwenye mteremko wa shamba langu, goti likachanika, damu ikamwagika hadi kwenye kifundo cha mguu. Nilikimbia kumwinua. Hakulia. Alitazama kwanza upande wa nyumba yao, akamwona nyanya yake amesimama uani, akatabasamu na kumpungia mkono.

"Inauma?" nilimuuliza.

"Inauma sana," alininong'oneza, bado anatabasamu. "Lakini ugonjwa iko ndani yangu. Nikinyamaza, haitatoka."