Siku Baba Alipowanunua Ng'ombe wa Wizi

Siku kampuni ya nyama kutoka Nairobi ilipoleta malori yake mjini kwetu, upande wa Wajir, hata maduka yaliyokuwa yamefungwa yalifunguliwa. Baba yangu hakufurahi. Alikuwa dalali wa mifugo, na kampuni ilikuwa imetangaza kwamba haitaki madalali. Mwenye ng'ombe alete mwenyewe, ng'ombe apimwe kwenye mizani, mtu alipwe papo hapo.

Na mkalimani wa kampuni alikuwa nani? Mimi! Nilikuwa na kibanda cha chai pale sokoni, na Kiswahili changu kilikuwa kimenyooka kwa sababu nilisomea Garissa. Msinihukumu. Kati ya ukame na majambazi wa barabarani, soko lilikuwa limekufa. Asubuhi nzima nilikuwa nakaa nakunywa chai yangu mwenyewe. Siku ile ikienda salama, kampuni ingekuja kila wiki. Ikiharibika, ndiyo kwaheri, na nusu ya mji ingehama.

Kwetu bei haitangazwi. Dalali na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka, vidole ndivyo vinavyozungumza, na jirani hajui ng'ombe wako amekwenda kwa kiasi gani. Tena dalali akishatoa mkono, amejifunga mbele ya watu kwamba mnyama si wa wizi. Nilimweleza haya bwana wa kampuni, kijana mwungwana lakini mwenye haraka. Akacheka.

"Dada, mizani haina ukoo."

Haya. Mizani ikawekwa, watu wakasimama kando wakitazama. Hakuna aliyetaka kuuza bila dalali wake. Wa kwanza kujitokeza walikuwa wanaume wawili tusiowajua, wakiswaga ng'ombe wazuri, wanono. Bwana wa kampuni akanikonyeza, kama kusema, umeona?

Mimi nilikuwa natazama mapaja ya wale ng'ombe. Alama ya moto ilikuwa ya ukoo mmoja wa kule Bute, na wale wawili walivyosalimia tu nilijua si wa kule. Wallahi, walikuwa ng'ombe wa wizi. Nikawatazama madalali. Kila mmoja alikuwa ameona, na kila mmoja alikuwa ameinamisha kichwa. Mgeni mmoja alivaa koti zito katika jua lile kali, na sote tulijua koti hilo limeficha nini.

Askari waliosindikiza malori walikuwa wamejiegemeza kwenye gari lao. Ningesema kwa Kiswahili, wageni wangesikia. Ningesema kwa Kisomali, wangesikia vilevile. Nikinyamaza, ng'ombe wangepanda lori, na wenye mali wangefuata nyayo mpaka sokoni kwetu. Damu ingemwagika hapa, si Nairobi.

"Dada, mbona umeganda? Waambie waingize!"

Baba angeweza kunyamaza tu. Kampuni ingeingia matatani, ingeondoka, naye angebaki na kazi yake. Nilimtazama Aabo, ndivyo tumwitavyo baba, nikafikiri, leo roho yake imetulia. Nilimchukia kwa dakika ile, nasema kweli.

Akainuka. Akawasalimia wageni salamu ndefu, akashusha shuka begani, akamnyooshea mkono yule mwenye koti. Sokoni kwetu mkono ukinyooshwa haukataliwi. Wakashikana chini ya shuka, hakuna anayepepesa jicho.

"Anafanya nini huyu mzee? Hao ni ng'ombe wangu!" bwana wa kampuni akafoka.

"Ng'ombe hii nachukua mimi," baba akamjibu kwa Kiswahili chake.

"Mwambie baba yako aache wivu! Anatuharibia kazi!"

Nikamtafsiria baba yangu maneno hayo mbele ya watu wote. Hakunitazama. "Mwambie asubiri," akasema. Astaghfirullah, hata mimi niliamini ni wivu.

Kisha akafungua mkanda wake wa ngozi, akatoa pesa, nami nikazijua. Zilikuwa pesa za Hija, alizokuwa akizidunduliza tangu mimi mtoto. Wageni walipokea, wakaondoka bila hata kuonja chai.

Walipotoweka ndipo nikamweleza bwana wa kampuni. Akakaa kwenye ngazi ya lori.

"Kwa nini hakuniambia?"

Nikamgeukia kwa hasira zangu zote. "Ungewaambia askari! Wangefyatua, na wale wangefyatua. Jioni wewe uko Garissa, sisi tunazika!"

Akataka kumrudishia baba pesa zake. Baba akakataa. "Akinilipa, ni yeye aliyenunua mali ya wizi, na malori yake hayatapita tena njia hii." Wenye ng'ombe walipofika na bunduki zao, aliwakabidhi wanyama wao wote, na kwao pia hakupokea kitu. Kuuziwa mali yako mwenyewe ni matusi, alisema.

Tangu siku ile kampuni haikupakia mnyama asiye na dalali, na kila wiki ilikuja. Soko likajaa, maduka yakaongezeka, na mimi nikaajiri wasichana wa kunisaidia chai. Watu husema kampuni ndiyo iliyoufufua mji. Ni kweli, siwezi kukataa, ila nikiwasikia hunipanda hasira.

Wazee wenzake walipomwuliza baba atakwenda Maka lini, alikuwa akiwajibu, "Nauli nimeshalipa."